Kilango cha Bomba la Moshi

Msomaji, kila chombo kikubwa kilichoundwa kwa mkono wa binadamu kina sehemu za namna mbili. Ziko sehemu zifanyazo kazi kila saa, na ziko sehemu zingojazo saa yake. Usukani wa motokaa hufanya kazi kila saa. Gurudumu la akiba hungoja. Sehemu ifanyayo kazi kila saa haihitaji wakili, maana ikikosekana chombo husimama, na kila mtu huona. Sehemu ingojayo ndiyo hushtakiwa uvivu. Hulaumiwa kwa uzito wake, kwa gharama yake, na kwa nafasi iishikayo bure. Na aghalabu hukumu yake ni kung'olewa. Nataka kukuonyesha kesi ya sehemu moja ya namna hiyo. Ni duni kwa sura, haina kimo wala mng'aro, na watu wengi wapandao lori hawajapata kuiona. Ni kilango kidogo kiwekwacho ndani ya bomba la moshi la lori la dizeli.

Kesi hii ilinifikia kwa njia ya ndugu yangu mkubwa. Yeye ana lori moja alilolinunua likiwa limekwisha kutumika, nalo ndilo shamba lake, ng'ombe wake na duka lake. Hubeba viazi kutoka Molo kwenda Nakuru, na mara nyingine mpaka Nairobi. Msimu mmoja lori hilo lilianza kuugua. Lilipanda vilima kwa kukohoa, likatoa moshi mweusi, na injini ikapata joto kupita kiasi. Fundi alilala chini yake muda mrefu, kisha akatoka na habari: kilango cha bomba la moshi kilikuwa kimeganda katikati kwa kutu na masizi, hakifunguki chote wala hakifungi chote. Shauri lake lilikuwa fupi. Kikatwe kitupwe, na mahali pake pachomelewe kipande cha bomba tupu. Ndugu yangu hakumkubalia wala hakumkatalia. Alinijia nyumbani jioni akasema, "Mwalimu, wewe husomesha watoto mambo ya mitambo. Nambie, kitu hiki kina kazi gani, na nikikitoa nitapungukiwa na nini?"

Ni haki nikupe kwanza maneno ya fundi, kwa sababu hakuwa mjinga, na maneno yake mengi yalikuwa ya kweli. Alisema kwamba kilango kilichoganda kikiwa kimefumba nusu ni adui wa injini, maana moshi usipopata njia ya kutoka, hewa safi nayo haipati nafasi ya kuingia, na nguvu hupungua. Hilo ni kweli. Alisema kwamba kipuri kipya ni ghali, na kwamba kipande cha bomba ni kazi ya saa moja. Hilo pia ni kweli. Alisema kwamba ameviondoa vilango vingi na malori yale yakaondoka yakikimbia vizuri. Sina sababu ya kulikana hilo. Neno lake moja tu ndilo lililonitia shaka, nalo ndilo lililokuwa nguzo ya shauri lote: "Kitu hiki hakina kazi."

Ili kulipima neno hilo, yatupasa kwanza kuijua injini yenyewe. Injini ya dizeli ilipewa jina la Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani ambaye injini yake ilijaribiwa na kufaulu katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Haina cheche ya kuwashia mafuta. Hushindilia hewa ndani ya silinda mpaka hewa hiyo iwe moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa ndani yake yakawaka yenyewe. Sasa angalia tofauti moja ambayo dereva huijua kwa mguu hata kama haijui kwa kitabu. Injini ya petroli ina kilango mahali inapovutia hewa. Dereva aondoapo mguu juu ya mafuta, kilango hicho hujifunga. Injini huvuta hewa kwa taabu, na taabu hiyo huizuia motokaa. Injini ya dizeli ya lori kwa desturi haikufungiwa mlango huo. Huvuta hewa kadiri ipendavyo, huishindilia, kisha hewa iliyoshindiliwa hutanuka kama springi na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika. Ndiyo maana lori la dizeli, hata mguu ukiondolewa, huendelea kubingirika kama lisilosikia.

Wahandisi walitafuta dawa, wakaipata upande wa pili wa injini. Ikiwa hewa haikuzuiwa mlangoni inapoingia, basi na izuiwe mlangoni inapotoka. Waliweka kisahani cha chuma ndani ya bomba la moshi, kimeshikwa na kijiti kipitacho katikati yake. Wakati wa kawaida kisahani husimama kwa ubavu, moshi ukapita pande zote mbili bila kizuizi cha kutajika. Dereva akianza kuteremka na akabonyeza swichi, upepo wa mtambo wa breki husukuma kijiti, kisahani kikageuka na kuziba bomba, na mafuta hukatwa yasiingie katika injini. Hapo pistoni hulazimika kuisukuma hewa ndani ya bomba lililozibwa. Chukua pampu ya baiskeli, uzibe tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini. Upinzani utakaousikia mkononi ndio upinzani ambao injini huusikia, na injini huupeleka katika gia, na gia huupeleka katika magurudumu. Madereva wetu huiita breki ya ekzosi. Haisimamishi lori, hulishika mkono lisikimbie.

Lakini lori lina breki nyingine katika magurudumu yake, nazo ni kubwa na zina nguvu. Kwa nini basi lihitaji msaidizi? Hesabu ndogo, ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya katika daftari lake, yatosha kujibu. Tuseme lori na shehena yake vina uzito wa tani 10, nalo lateremka mpaka mahali palipo chini kwa meta 400 kuliko lilikoanzia. Zidisha kilo 10,000 kwa 9.8, kisha kwa 400. Utapata nishati ya juli milioni 39 na kidogo. Dereva akitaka kufika chini kwa mwendo uleule aliokuwa nao juu, nishati hiyo haina budi kwenda mahali. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na barabara. Iliyobaki yapasa kugeuka kuwa joto. Joto la juli milioni 39 latosha kuchemsha karibu madebe sita ya maji, kila debe la lita 20. Sasa fikiri kwamba moto huo wote wawashwa ndani ya ngoma za breki, ambazo hazina maji ya kuchemka ila chuma na vipande vya kukisugua. Ngoma hupanuka kwa joto, na vile vipande vikipata moto mno hupoteza ukali wa kushika. Dereva hukanyaga, naye huona kanyagio limeitika lakini lori halikuitika. Breki haikuharibika, imechoka. Kazi ya kilango ni kuuchukua sehemu ya moto huo na kuutupa nje kwa njia ya injini na bomba, ili breki za magurudumu zifike chini zikiwa bado na nguvu zake.

Waona basi kwa nini fundi alisema hakina kazi. Yeye huliona lori likiwa limesimama karakanani, au akilijaribu katika barabara iliyo sawa. Hapo kwa kweli kilango hakina kazi. Saa yake haijafika. Mwenye kuuchungulia mwavuli wakati wa kiangazi aweza kusema vilevile.

Nilipotafuta kujua zaidi, niligundua kwamba mashauri haya hayakuanza kwetu, wala hayataishia kwetu. Huko Marekani, kati ya mwaka 1994 na 2003, kampuni ya Ford iliuza magari makubwa ya mizigo yenye injini ya dizeli ya lita 7.3 iliyotengenezwa na Navistar. Penye kutokea moshi wa turbo paliwekwa kilango kinachofanana sana na hiki chetu, lakini kwa shabaha nyingine. Hakikuwekwa kwa ajili ya milima. Kiliwekwa kwa ajili ya baridi. Asubuhi ya kipusa, injini ikiwa bado baridi, kilango hujifunga chenyewe. Injini hutaabika kusukuma moshi, na kwa kutaabika hupata joto upesi. Maji yake hupata joto, na kile chumba cha dereva nacho hupata joto. Injini ikisha kupata joto, kilango hufunguka. Baada ya miaka mingi vilango hivyo navyo vilianza kuganda na kuvujisha oili, na wenye magari wakagawanyika pande mbili kama ndugu yangu na fundi wake: wengine wakisema kitolewe, wengine wakisema kitengenezwe.

Je, ungewajibu nini? Mimi ningewauliza kwanza wanakaa wapi. Mtu akaaye Minnesota, ambako maji ya ziwa huganda mpaka watu wakatembea juu yake, ana asubuhi nyingi za kukihitaji. Mtu akaaye kusini mwa Florida, ambako theluji ni habari ya kusimuliwa, aweza kukiona kuwa mgeni asiye na sababu ya kukaa. Wa kwanza akikitoa, atatetemeka kwa muda zaidi kila asubuhi. Wa pili akikitoa, yamkini hatajua tofauti. Wako na wengine waliofikiri kwa njia ya tatu: badala ya kukitupa, walikifungia swichi ili kiwasaidie katika miteremko. Walakini hao nao yawapasa kuwa waangalifu, kwa sababu kazi hiyo yataka springi za vali za injini ziwe na nguvu ya kustahimili msukumo wa moshi uliozuiliwa.

Kwa kuilinganisha kesi ya huko na yetu, nilipata maswali mawili ambayo nakuomba uyaweke akilini. Swali la kwanza: kitu hiki kiliwekwa kwa ajili ya saa gani? Swali la pili: saa hiyo ikifika nacho hakipo, ni nani atakayelipa? Huko Florida saa yenyewe karibu haifiki, na ikifika, anayelipa ni mwenye gari, naye hulipa kwa kutetemeka kidogo. Huyo ana haki ya kuamua, maana hasara na uamuzi vimo mikononi mwa mtu mmoja. Kwetu sivyo. Kutoka Sachangwan kuteremka mpaka Salgaa saa hiyo hufika kila safari, na anayelipa si mwenye lori peke yake.

Barabara ile imejulikana kwa ajali za malori kwa miaka mingi. Miongoni mwa sababu zilizotajwa mara kwa mara ni madereva kutoa gia na kuliacha lori likimbie lenyewe ili kuokoa mafuta. Atoaye gia amekata kamba kati ya injini na magurudumu. Hata awe na kilango kipya kabisa, hakimsaidii kitu. Na jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliwaparamia watu waliokuwa kando ya barabara, wakiwamo wachuuzi, na watu zaidi ya 50 walikufa. Siutaji msiba huo ili niuweke juu ya kipande chochote cha chuma. Nautaja ili tukumbuke uzito wa lori lisilotii, na ili tukumbuke ni akina nani wasimamao mahali linapokwenda. Mama auzaye karoti kando ya barabara hakuulizwa kama kilango kitolewe au kibaki.

Nilimweleza ndugu yangu hayo yote, na ile hesabu ya madebe sita nikaiandika kwenye karatasi. Aliitazama kwa muda, kisha akasema neno ambalo sijalisahau. "Mwalimu, hesabu yako ni nzuri, lakini mkopo haumo ndani yake. Lori likilala siku tatu, viazi vya watu vitaoza, na mwenye deni langu hatasubiri mpaka kisahani kisuguliwe."

Sikumdharau kwa neno hilo. Ni rahisi kwa mwenye mshahara wa mwezi kumhubiria tahadhari mtu ambaye kila siku ya kusimama ni siku ya njaa. Umaskini huifanya kila sehemu ingojayo ionekane kama anasa. Nilimjibu hivi: "Kaka, deni lina tarehe, na tarehe yaweza kuombewa siku. Mteremko hauna wa kumwomba." Kisha nikamwuliza ni nani hukaa juu ya magunia lori linaposhuka. Alinyamaza. Alijua kwamba ni taniboi wake, kijana asiyezidi miaka 20, mtoto wa jirani yetu. Kijana huyo hakuwa na fungu katika faida ya lori, wala hakuwa na sauti katika shauri la fundi; lakini katika hasara ya mteremko fungu lake lingekuwa kubwa kuliko la mtu yeyote. Nikasema, "Gari ni lako, kaka, na karatasi zake zina jina lako. Lakini mteremko ni wa wote."

Siku ya pili alirudi kwa fundi, akamwuliza kama kilango chaweza kuponywa bila kununuliwa kipya. Nalisema fundi yule hakuwa mjinga. Aliposikia kwamba mwenye lori ataka kutengeneza na si kutupa, alionyesha ustadi ambao kazi ya kukata na kuchomelea haikuupa nafasi. Alikifungua kilango, akakilaza katika mafuta ya taa usiku kucha, akakisugua masizi kwa brashi ya waya, akakigeuza kijiti huku na huku mpaka kikalegea. Aligundua pia kwamba mpira mmoja wa upepo ulikuwa umepasuka, na kwa sababu hiyo kilango kilikuwa hakipati msukumo wa kutosha. Huenda ule mpira mdogo ndio uliokuwa mzazi wa ugonjwa wote, maana kitu kisichogeuka mara kwa mara hupata kutu upesi. Lori lililala siku mbili. Gharama ilizidi ile ya kipande cha bomba, lakini haikufika nusu ya kipuri kipya. Mwenye deni alinung'unika, kisha akangoja.

Pengine wataka kujua jambo gani la ajabu lilitokea baadaye, ili wema wa shauri hilo uthibitike. Halikutokea jambo lolote. Lori hupanda, lori hushuka, viazi hufika, na taniboi huruka chini kufungua ubao wa nyuma kama kawaida. Hiyo ndiyo shida ya kuvitetea vitu vya namna hii. Faida ya gunia lililouzwa huonekana katika mkono. Faida ya breki ni jambo lisilotokea, na jambo lisilotokea halina risiti. Mtu aliyekitoa kilango akafika salama mara mia husema, "Mwaona? Hakina kazi." Aliyekiweka akafika salama mara mia hana ushahidi wa kumwonyesha. Safari zao zote mia zafanana. Hutofautiana katika ile moja ya mia na moja, mvua inaponyesha, shehena imezidi kidogo, na basi limesimama ghafula mbele.

Nisije nikakufanya uamini kwamba kila kitu cha zamani kisiguswe. Kama kilango kimeganda kikiwa kimefumba na hapana namna ya kukitengeneza siku hiyo, ni afadhali kifunguliwe na kufungwa imara kikiwa wazi kuliko kuiua injini. Lakini mwenye kufanya hivyo na ajue kwamba lori lake limepungua, alitendee kama lililopungua. Na apunguze shehena. Na aingie gia ndogo akiwa bado juu, kabla ya mteremko kuanza, kwa maana katikati ya mteremko gia yaweza kukataa kuingia. Na amwambie dereva, maana dereva anyooshaye mkono kwenye swichi isiyo na kitu ameibiwa silaha yake bila habari. Upungufu ujulikanao huchungwa. Upungufu uliofichwa hungoja.

Wewe usomaye maneno haya pengine huna lori, na yamkini hutakuwa nalo. Lakini utakuwa na nyumba, au kazi, au chama cha kuongoza, au desturi ulizorithi kwa wazee, na katika kila kimoja utakuta kilango cha namna hii: kanuni ichoshayo, mlango wa pili usiofunguliwa, mtu mmoja katika mkutano ambaye kazi yake ni kusema "ngojeni kwanza". Atakuja mtu mwerevu, na vifaa vyake mkononi, akuambie, "Hiki hakina kazi, tukitoe." Usimkatalie kwa hasira wala usimkubalie kwa haraka. Huenda ana haki, kama yule wa Florida. Mwulize tu kwa upole: hakina kazi saa gani, na kwa nani? Akiweza kukujibu yote mawili, mpe nyundo. Asipoweza, mwambie alete kwanza brashi ya waya.